Mafuta Haya Yalikaanga Nini

Ipo nchi ambayo jina lake lilipelekwa kwa mhakiki wa tahajia wa Serikali siku ya uhuru, na mpaka leo faili halijarudi. Watoto wa huko wakiambiwa "Paukwa" hawaitikii kama wenzao wa kwingine. Huitikia "Pakakatika", kisha hukaa kimya wakingoja hadithi iwashwe tena. Kisa hiki ni cha huko, na kila kipimo kilichomo kimepimwa mara mbili.

Kisa chenyewe kinaanzia kwenye neno moja. Nchi hiyo ilikuwa na mgao wa umeme, kama nchi nyingine zenye heshima zake, na wananchi walinung'unika. Hawakunung'unikia kukosa umeme, maana hilo walikwisha kulizoea. Walinung'unikia lugha. Mwalimu mmoja wa sarufi aliandika gazetini kuuliza: mtu akigawiwa nyama huondoka na nyama, akigawiwa shamba huondoka na shamba, je, wakati wa mgao wa umeme sisi tunaondoka na nini?

Waziri wa Nishati na Uvumilivu, Mheshimiwa Dakta Lutengano, alikuwa mtu makini kwa mambo ya lugha. Alijifungia siku tatu na kamusi, akatoka na jibu lililopigiwa makofi bungeni kwa dakika kumi na moja. Kinachogawiwa, alisema, ni kile kilichopo, na kilichopo ni giza.

Tangu siku ile mgao wa umeme ukafutwa, ikaja Sheria ya Mgao Sawa wa Giza. Kila nyumba, duka na karakana ilipata saa kumi na moja kwa siku, bila kujali dini wala kabila. Kwa mara ya kwanza tangu uhuru Serikali iligawa kitu na kikamfikia kila mtu.

Ibara ya nne ya sheria hiyo ilisema kuwa ni kosa kuukataa mgao. Hakuna aliyeshangaa. Watu wa nchi ile wana adabu zao. Ukiletewa sahani ya pilau kutoka kwenye shughuli ya jirani, hata kama umeshiba mpaka shingoni, unaipokea kwa mikono miwili. Anayeirudisha sahani amemtukana aliyeileta.

Bi Zaituni Mkangara hakuwa mtu wa kurudisha sahani. Alikuwa mtu wa kupima. Kwa miaka kumi na tisa alifanya kazi kama fundi wa maabara katika shule ya sekondari, mpaka Wizara ilipogundua kwamba sayansi inaweza kufundishwa kwa kusimuliwa, ikazifunga maabara zote. Aliondoka na cheti cha shukrani, kipimajoto kirefu cha kioo, na tabia ya kutosadiki jambo lolote lisilo na tarakimu.

Nyumbani kwake, mtaa wa Kwa Fundi Saa, alianzisha biashara ndogo ya kutotolesha vifaranga kwa mashine. Mayai hakununua. Wanawake wa mtaa walimletea mayai ya kuku wao, kila yai limeandikwa kwa penseli jina la mwenyewe, na kila mtu na trei yake. Siku ya ishirini na moja walirudi kuchukua vifaranga, na katika kila sita mmoja alibaki kwa Zaituni. Biashara yote ilisimama juu ya mambo mawili: joto la nyuzi thelathini na saba na nusu, na kuaminiwa.

Kundi la kwanza alilivusha zamu nane kwa chupa za maji ya moto; siku ya tisa zikamshinda, likafa. Mgao ulifika saa nne asubuhi, ukakaa saa zake zote kumi na moja, na mashine ikapoa hadi nyuzi ishirini na nne. Zaituni alivunja mayai matatu, akaandika daftarini: "Siku ya 9. Mishipa inaonekana. Moyo umesimama." Kisha akachukua kapu, akapita nyumba kwa nyumba kumrudishia kila mwanamke maganda yenye jina lake, kwa sababu amana hurudishwa hata ikiwa imevunjika.

Wanawake walipokea maganda wakasema ni kazi ya Mungu. Aliyesema yaliyokuwa mioyoni mwao ni wifi yake, Mwajabu, muuza chipsi wa pale njia panda.

"Wifi, mimi nakupenda, hilo unalijua," alisema Mwajabu huku anamenya viazi. "Lakini kuku wangu ni wa mbegu ya kuchi. Kwa msimu mzima ananipa mayai kumi na mawili. Nimekupa yote kumi na mawili, umeniletea maganda. Nitakupa tena, mara moja tu. Ukinirudishia maganda mara ya pili usiniite wifi. Niite jirani. Na wenzangu wote watasema hivyohivyo, ila wao hawatakuambia usoni."

"Nimekuelewa," alisema Zaituni. "Hayo mafuta unayapeleka wapi?"

Mwajabu alitazama ndoo ya mafuta meusi miguuni pake, yaliyokaanga chipsi wiki nzima mpaka yakachoka. "Mtaroni. Kwani unataka kuyanywa?"

"Nataka kuyachoma."

Nyuma ya nyumba ya Zaituni kulikuwa na injini ya marehemu baba yake, iliyowahi kuzungusha kinu cha kusaga mahindi. Ni injini ya silinda moja, nzito kama kaburi, iendayo polepole na isiyochagua chakula. Zaituni alisoma kitabu cha maelekezo yake kurasa zote, akafanya majaribio. Mafuta ya Mwajabu aliyaacha yatuame siku saba. Kisha aliyachuja kwa mguu wa suruali chakavu ya jinzi, aliyoifunga fundo chini kama soksi. Bomba la shaba alilizungusha kwenye bomba la moshi ili mafuta yapite pale yakipata joto la nyuzi themanini, maana yakiwa baridi ni mazito na injini huyatema. Injini aliiwasha kwa kikombe cha dizeli. Ikishachangamka alifungua koki ya pili, ikaendelea kwa mafuta ya chipsi bila kugundua kwamba imedanganywa. Mkanda ukazungusha jenereta, na jenereta ikatoa kilowati tatu.

Mtu mwingine angeweka mayai siku hiyohiyo. Zaituni aliiendesha injini siku arobaini na mbili bila yai hata moja, akiandika joto kila baada ya saa. Siku ya arobaini na tatu ndipo alipopokea mayai mia nne na themanini, yakiwemo kumi na mawili ya kuchi.

Kasoro ilikuwa moja. Moshi wa injini ulinukia chipsi. Mchana, upepo ukivuma kutoka mashariki, wapita njia walisimama ukutani wakivuta pumzi ndefu. Fundi viatu wa pale jirani alihamisha kiti chake, akawa anakula ugali mkavu upande wa moshi, na alikiri kwamba unateremka vizuri zaidi.

Harufu hiyo ndiyo iliyomleta Bwana Ngwembe, Afisa Mgao wa Kata. Ilikuwa siku ya nane ya mayai, saa tano na nusu asubuhi.

"Hodi hapa. Sahani moja, na kachumbari iwe nyingi."

"Karibu. Hapa hapauzwi chipsi."

"Dada yangu, pua hii ina miaka ishirini na sita kazini. Haijawahi kuandika taarifa ya uongo." Alipitisha kichwa mlangoni. Juu ya mashine ya mayai taa ilikuwa inawaka. Alitazama saa yake, akaitazama taa, akairudia saa. "Hiyo inawaka."

"Inawaka."

"Na sasa hivi ni zamu ya giza mtaa huu."

"Ndiyo. Ilianza saa nne."

"Sasa la kwako liko wapi?"

Swali hilo halimo katika fizikia. Zaituni alimwonyesha injini, koki, suruali ya jinzi na daftari. Ngwembe alitikisa kichwa kwa heshima, kama mtu aonyeshwaye maiti ya mtu mashuhuri. Kisha akakaa juu ya ndoo, akatoa Fomu Namba Tisa, Mafuta Yaliyokwisha Kutumika.

"Jina?"

"Zaituni Mkangara."

"Hata jina ni la mafuta," alisema akiandika. "Swali la pili. Mafuta haya yalikaanga nini?"

"Viazi."

"Viazi vya wapi?"

"Vya sokoni."

"Asili ya viazi haijulikani." Aliandika hilo kwa herufi kubwa. "Usinione msumbufu, dada. Sheria inataka kujua mwenye mamlaka. Mafuta yakikaanga viazi ni ya Wizara ya Kilimo. Yakikaanga samaki ni ya Uvuvi. Yasipokaanga kitu ni ya Nishati, na hapo wewe una hatia ya kuwa nayo yakiwa safi."

"Na yakikaanga viazi na samaki?"

"Hapo inaundwa kamati," alisema Ngwembe, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa na woga.

Mafuta hayakuwa tatizo, kwa kuwa Wizara ya Kilimo haikuwa na mtu wa kutuma. Tatizo lilikuwa ibara ya nne. Ngwembe alihesabu kwa vidole, kisha kwa kalamu. Siku hamsini, saa kumi na moja kila siku: Bi Zaituni alikuwa amekataa saa mia tano na hamsini za giza.

"Lakini usihofu, halikupotea," alimtuliza. "Serikali haipotezi mali ya mwananchi. Giza lisilo na mpokeaji hurudishwa bohari."

Bohari hiyo ipo kweli. Ni jengo refu nyuma ya ofisi ya Idara ya Mgao, lisilo na dirisha hata moja. Mlinzi wake haruhusiwi kumiliki tochi, maana mtangulizi wake aliwahi kuwasha njiti ya kiberiti akitafuta kiatu, na hasara ya saa themanini ikaripotiwa.

"Na litaletwa lini?" aliuliza Zaituni.

"Kesho. Lote kwa pamoja, mfululizo. Kupunguziwa haiwezekani, kwa sababu wengine watasema umependelewa."

Saa mia tano na hamsini mfululizo ni siku ishirini na mbili na saa ishirini na mbili. Mayai yalibakiza siku kumi na tatu. Zaituni alifanya hesabu hiyo kabla Ngwembe hajafunga kalamu yake, na jibu lilikuwa maganda mia nne na themanini.

Mchana huo alikwenda ofisi ya Idara. Hakwenda kulia, wala hakubeba bahasha. Aliomba kusoma sheria. Ombi hilo lilileta taharuki ndogo, kwa sababu hakuna aliyewahi kuomba hivyo, na ilibidi nakala itolewe chini ya mguu wa meza iliyokuwa inayumba. Alisoma akiwa amesimama. Katika ibara ya pili, mahali pa tafsiri ya maneno, alikuta hivi: "Giza maana yake ni hali ambayo ndani yake mwananchi mwenye macho mazima hawezi kusoma Tangazo la Serikali."

Alisoma mara mbili, akanakili, akairudisha sheria chini ya mguu wa meza.

Jioni Mwajabu alimkuta anaziba madirisha ya chumba cha mayai kwa magunia na udongo.

"Wifi, umekata tamaa au umerukwa na akili? Nijue nichukue lipi niwaambie wenzangu."

"Yai linataka mwanga?" aliuliza Zaituni bila kugeuka.

"Nitajuaje mimi?"

"Kuku wako anapolalia, tumboni mwake mna taa?"

Mwajabu alifikiri. "Hamna."

"Basi nishikie hilo gunia."

Walizing'oa taa zote. Zaituni alitoboa ukuta nyuma ya mashine, akapitisha kipimajoto chake kirefu kwenye kizibo cha chupa, ncha ikawa ndani na tarakimu nje. Kugeuza mayai alijifunza kwa vidole, mara tatu kwa siku, akihesabu trei kwa kupapasa. Injini ikaendelea kunguruma nyuma ya nyumba. Sasa haikutoa mwanga hata wa kumulika sindano. Ilitoa joto tu.

Asubuhi ya siku ya tisa Ngwembe alikuja kukabidhi giza. Aliingia chumbani na tangazo mkononi, Zaituni akafunga mlango nyuma yao, na jaribio la kisheria likaanza.

"Wananchi wote mnatangaziwa," ilisikika sauti ya Ngwembe gizani, "kwamba kuanzia tarehe moja mwezi huu..."

"Unasoma?" aliuliza Zaituni.

"Nalijua kwa moyo," alisema Ngwembe kwa unyonge. "Nimelibandika miaka sita."

"Basi jaribio halikubaliki. Lete tangazo ambalo hujawahi kulisoma."

Hilo halikuwa gumu. Ofisini kwake yalikuwepo mia tatu. Alirudi na moja, akalikodolea macho gizani kwa dakika tano za kisheria, akathibitisha kuwa hakuona hata nembo. Ila cheti cha mapokezi kilitakiwa kutiwa saini palepale penye giza, na Ngwembe alitia saini kwa uangalifu mkubwa juu ya mfuko wa chakula cha kuku. Mfuko huo umehifadhiwa mpaka leo katika nyaraka za Taifa, ukiwa na pumba zake.

Mlangoni alisita, akatega sikio. "Na hiyo inayonguruma?"

"Inatia joto."

Ngwembe alitafakari, uso wake ukafunguka. "Joto si langu. Joto ni la Hali ya Hewa."

Hapo kisa kingeisha kwa heri, lau si sifa. Taarifa ya Ngwembe ilipanda ngazi, na kila ngazi ikaongeza neno, hata ilipomfikia Waziri ikawa inasema kwamba yupo mama mzalendo aliyeona saa kumi na moja hazimtoshi, akaomba mia tano na hamsini. Dakta Lutengano alitokwa na machozi. Katika utumishi wake wote hakuna aliyewahi kuomba zaidi. Akaagiza ifanyike hafla ya kitaifa ya makabidhiano, nyumbani kwa mama huyo, saa sita mchana. Giza lenyewe lingekuwa limekwisha kutumika siku kumi na mbili, lakini huko ni desturi kitu kukabidhiwa baada ya kutumika, ili kisije kikaharibikia mikononi mwa mgeni rasmi.

Siku iliyopangwa ilikuwa ya ishirini na moja. Zaituni alipoweka sikio ukutani alfajiri alisikia mayai yakigongwa kwa ndani.

Saa tano watu wa itifaki walifika na hema, zulia, spika nne kubwa na feni mbili za Mheshimiwa. Walichomeka kwenye umeme wa Taifa. Hakukuwa na umeme. Mtaa ulikuwa kwenye zamu yake ya giza, na hakuna aliyekuwa na mamlaka ya kuikatiza zamu bila saini ya Waziri, ambaye alikuwa njiani. Jenereta ya Serikali ilishushwa kutoka kwenye lori. Tangi lake lilikuwa na dizeli kwenye karatasi tu.

Ngwembe alimfuata Zaituni nyuma ya nyumba, kofia mkononi.

"Dada Zaituni, nimetumwa. Wanaomba umeme wako."

"Injini inatoa kilowati tatu. Spika na feni ni mbili na nusu. Mayai yanachukua moja."

"Wamesema mayai yapumzike."

Zaituni alikitazama kipimajoto: thelathini na saba na nusu. Upande wa pili wa ukuta yai lilikuwa linapasuka, na katika trei ya pili kutoka chini yalikuwemo kumi na mawili ya Mwajabu. Hakuinua sauti.

"Yai la siku ya ishirini na moja lina joto lake lenyewe. Mashine ikizimwa, hupoteza nyuzi moja kwa dakika ishirini na tano. Chini ya thelathini na tano na nusu sikubali. Mwambie Mheshimiwa ana dakika arobaini; kumi zinazobaki ni za kuiwasha injini upya."

"Dada, yule hajawahi kuhutubia chini ya saa mbili. Dakika arobaini ni salamu."

"Basi asisalimie."

Ngwembe alikwenda, akasimama karibu na watu wa itifaki, hakusema lolote, akarudi. Kusema kitu kama hicho kwa watu wa itifaki hakumo katika muundo wa utumishi.

Zaituni hakumlaumu. Alifunga koki ya tangi kubwa. Alifungua daftari, ukurasa wa siku ya thelathini na moja ya majaribio: injini ikibeba mzigo wote hunywa lita moja na mililita hamsini kwa saa. Alichukua silinda ya kupimia, akamimina mililita mia saba kwenye tangi dogo, si zaidi si pungufu, akainama kuhakikisha usawa kwa jicho. Kisha akazima mashine ya mayai, akawaunganishia.

Waziri alianza saa sita kamili. Alianza na salamu za viongozi waliohudhuria, kisha za waliotoa udhuru, kisha za wale ambao wangependa kuhudhuria lau wangejua. Zaituni alisimama ukutani na kipimajoto. Thelathini na saba.

"Ndugu wananchi," ilinguruma spika, "zipo nchi zinazojisifu kwa mwanga. Nawauliza, mwanga wao wameugawa sawasawa? Huko mmoja ana taa kumi, mwingine ana moja. Hapa kwetu, je, yupo mtu mwenye giza zuri kuliko jirani yake?"

Makofi. Moshi wa chipsi ulitanda juu ya hema, na wageni waalikwa wakaanza kumeza mate. Thelathini na sita na nusu.

"Tulipochukua nchi kutoka kwa mkoloni, giza lilikuwa la usiku peke yake. Leo tunalo mchana kutwa. Nani atasema hatujapiga hatua?"

Thelathini na sita. Mwajabu, aliyekuwa safu ya mbele na kanga mpya, aligeuza shingo kumtafuta wifi yake, akamwona kaganda ukutani. Thelathini na tano na nukta tisa. Saa sita na dakika arobaini.

"Na mtu yeyote atakayesimama mbele yangu akasema kwamba Serikali hii haina..."

Injini ilikohoa mara mbili, ikanyamaza. Spika zikafa. Feni zikazunguka kidogo kwa adabu, zikasimama. Midomo ya Waziri iliendelea kwenda kama ya samaki, na watu elfu moja walikaa kimya wakijaribu kukisia neno lililokatika. Ndipo kutoka katika chumba kilichozibwa ikasikika sauti nyembamba. Ikafuata nyingine. Kisha ikawa kama mvua ya vijiko juu ya bati.

"Washeni," alisema Waziri, sasa kwa sauti yake ya kuzaliwa, ambayo haikufika safu ya tatu.

"Mheshimiwa, huo ni mgao," alijibu Mwajabu kwa heshima zote. "Ni wako. Upokee kwa mikono miwili."

Vicheko vilianzia nyuma. Watu wa itifaki, kwa kuwa hawakujua ni vya nini, wakapiga makofi. Umati ukapiga pia, ukainuka, na hotuba ikawa imekwisha. Zaituni alikwisha kumimina kikombe cha dizeli, akazungusha mpini, injini ikaitika, na umeme wote ukaenda kwa mayai.

Waziri alisogea mlangoni. "Kinacholia humo ni nini?"

"Vifaranga, Mheshimiwa," alisema Zaituni.

"Wametoka saa ngapi?"

"Wanatoka sasa hivi."

"Humohumo gizani?"

"Ndani ya giza. Lakini kilichowatoa ni..."

Waziri hakungoja. Alikwisha kugeuka kwa waandishi wa habari, na uso wake uling'aa kuliko kitu kingine chochote mtaani.

Kati ya mayai mia nne na themanini walitoka vifaranga mia nne na kumi na moja. Katika trei ya Mwajabu walitoka kumi na mmoja. La kumi na mbili lilikuwa viza. Mwajabu aliwahesabu mara tatu, akalishika lile yai bovu, akasema, "Hili nitalisamehe, wifi," na neno hilo la mwisho Zaituni aliliandika daftarini, ingawa halikuwa kipimo.

Kesho yake gazeti la Serikali lilitangaza kwamba imethibitishwa kitaalamu kuwa giza huzaa. Mgao ukapandishwa kutoka saa kumi na moja hadi kumi na sita, na kila kaya ikapewa mayai matano ya kuyaweka mahali penye giza la kutosha. Zaituni aliandika barua ya kurasa mbili, yenye jedwali, akieleza kwamba mayai yalitotolewa na joto. Jibu lilikuja upesi kuliko kawaida: "Barua yako imepokelewa. Neno 'joto' halimo katika sheria."

Nchi nzima ikakaa gizani ikisubiri. Siku ya ishirini na moja ilipita, na ya ishirini na mbili. Harufu iliyotanda siku ya ishirini na tano Serikali iliiita hatua ya awali.

Watu hawakuandamana, walikwenda mtaa wa Kwa Fundi Saa. Walikuja na mayai mapya kwenye vikapu, na kila mmoja na chupa yake ya mafuta yaliyochoka, kwa sababu ilikwisha kujulikana kwamba pale hutozwi fedha. Mitaro ya mji ikakauka. Muuza samaki aliyekuwa akimwaga mafuta yake nyuma ya soko akaanza kuyafungia kabatini.

Asubuhi moja, kwenye foleni hiyo, alisimama mtu aliyefunga vifungo vyote vya koti kwenye jua kali. Alipofika mbele alifungua koti, akatoa mayai matano ya Serikali na kichupa.

"Dada Zaituni," alisema Ngwembe, akitazama pembeni. "Haya yamekaa chini ya kitanda changu siku ishirini na sita. Giza nimelipima mwenyewe. Sikusoma hata herufi."

Zaituni alilipokea yai moja, akalitikisa sikioni, akamrudishia taratibu kama mtu arudishaye bomu. "Haya kayazike mbali na kisima. Kesho lete mapya." Akakichukua kichupa, akakiinua juani. Kilikuwa cheusi, na chini yake kulikuwa na magamba.

Alivuta ndoo, akakaa, akafungua daftari.

"Mafuta haya yalikaanga nini?"

Ngwembe alikuwa mtumishi wa miaka ishirini na sita, na uongo wa kwenye fomu hakuuweza. "Viazi," alisema. Kisha kwa sauti ya chini zaidi: "Na samaki."

Zaituni alimtazama Mwajabu aliyekuwa akimsaidia, Mwajabu akamtazama fundi viatu, fundi viatu akaitazama injini.

"Kamati imekaa," alisema Zaituni, akayamimina ndani ya ile suruali ya jinzi.